Nani Atatuuliza Jana Tulikula Nini?

Mwaka umetimia sasa, Mama, tangu ulipotutoka, na bado hakuna aliyetuuliza jana tulikula nini.

Wewe hukuwa na salamu nyingine. Mgeni hajaketi vizuri, ushamrukia: "Jana ulikula nini, tangu ulipoamka?" Ndiyo ilikuwa kazi yako ya utafiti, kuwauliza watu walichokula na kutafuta katika majibu yao vitamini zilizopungua mwilini. Lakini kazi ilikufuata hadi nyumbani. Mkweo akijibu "mboga tu," amejitia kitanzini mwenyewe: mboga zipi, za kuchemsha au za kukaanga, kikombe kizima au nusu? Na kikombe chenyewe cha kupimia hakikukosa mkobani mwako. Kilitutia aibu kwenye kila sherehe, mpaka wenzako wa maabara wakakubandika jina la Mama Kikombe. Ulijifanya kununa, kumbe ulilipenda.

Tunaikumbuka ile shule ya bweni ambayo wanafunzi wake walitoka vidonda pembeni mwa midomo. Wenzako walifikiria dawa ya kupaka. Wewe uliingia jikoni, ukakaa na mpishi asubuhi nzima, ukaona mboga zikichemshwa mpaka zinapondeka na maji yake, yaliyobeba vitamini, yakimwagwa. Hukumgombeza. Ulimwomba kijiko, mkayaonja maji yale pamoja, kisha mkalipanga upya jiko zima, na mayai na maharage yakaongezwa. Mpishi yule alitupigia simu majuzi. "Maji ya mboga simwagi tena," alisema, "lakini sasa nani atakuja kuonja?"

Tulidhani tunamtunza Baba. Kila tulipompigia alisema, "Nimeshakula, wanangu, msiwe na wasiwasi." Tukaridhika, maana sisi si wewe. Suruali zikaanza kumvuka. Ndipo binti yako kitinda mimba alipokuja na kikombe chako, akakiweka mezani, akaketi mbele yake.

"Baba, jana ulikula nini?"

"Nilikula vizuri."

"Vizuri si chakula," akasema, kwa sauti yako kabisa.

Baba alikitazama kikombe. "Chai," akasema. "Juzi pia chai. Meza hii siiwezi peke yangu, mwanangu."

Basi tunakuja kwa zamu, tunapika na kula naye. Sufuria ya mboga tunaifunika, na maji yake hatuyamwagi, usije ukatufokea huko uliko. Tuna hamu nawe, Mama. Tuna hamu hata na yale maswali tuliyokuwa tukiyakimbia, tukijificha chumbani na soda zetu.

Unakumbukwa na mumeo, wanao watatu, wakwe zako uliowabana kwa maswali, wajukuu wako, dada yako mpenzi, wenzako wote wa maabara, na mpishi wako wa shuleni.

Hutatutoka moyoni kamwe. Na kwa kuwa tunajua ungeuliza: jana tulikula wali, maharage na mchicha, kikombe kizima kila mtu, na chungwa baadaye. Baba alimaliza sahani yake yote, kisha akageukia kiti chako ili akwambie.