Penstemoni na Yale Mengine

Jumamosi, 6 Julai 1974

Nimemwagilia mapema. Maji ya kuoshea vyombo, maana kisima kimeanza kutoa tope. Mche ulio karibu na ngazi umefungua ua leo. Zambarau iliyofifia, koo jeupe lenye mistari. Nimelipasua kwa wembe juu ya sahani. Vijiti vinne vina chavua. Cha tano hakina, kina vinywele tu kama mswaki uliochakaa. Basi ni penstemoni kweli, ua lenye kijiti kimoja tasa. Yule mama Mzungu wa bangaloo ndivyo alivyoiita siku alipoondoka, shamba lao lilipotaifishwa, akaniachia kopo la mbegu zilizochanganyika. Nimefurahi kama mtoto.

Lakini miche ile mingine, chini ya ukuta wa jiko, haitaki kutoa ua. Majani mapana, yamejikusanya chini, yana manyoya. Mbegu zilitoka kopo hilohilo. Sijui ni nini na inanikera. Naenda kuitazama, narudi, naenda tena.

Kesho Sabasaba. Darasa la nne bado hawaujui wimbo.

Jumanne, 9 Julai

Balozi wa nyumba kumi amepita. Kasimama mbele ya tuta, mikono nyuma.

“Mwalimu, mvua zimetukatalia, watu wanahangaika na chakula, wewe unapanda urembo?”

Nikamwambia mihogo ninayo, iko nyuma.

“Na hapa pangekaa mihogo.”

Amenipa hadi mwisho wa mwezi niyang’oe. Ana haki. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Mama mkwe alikuwa kibarazani, alisikia yote. Tunaishi naye hapa Kwashemshi, mimi, yeye na binti yangu Rukia. Baba Rukia ni fundi mitambo kwenye shamba la mkonge huko bondeni, huja Ijumaa tu.

Ijumaa, 12 Julai

Bado hakuna ua kwenye ile mingine. Nimelinganisha majani. Penstemoni: laini, yanakaa mawili mawili, yanatazamana. Haya: manyoya, moja moja. Si jamii moja, naona. Natamani kujua. Siwezi kukaa chini nikasahihisha madaftari.

Baba Rukia amefika, kakuta niko uani tena. “Ng’oa yote, tukae kwa amani na watu.” Nikamjibu vibaya.

Jumatatu, 15 Julai

Mama mkwe mgonjwa sana. Nilipotoka shule na Rukia nilimkuta kwenye mkeka, anatapika, hana nguvu. Anasema kila kitu ni cha njano. Hata gauni langu. Gauni jeupe.

Nikaenda jikoni. Sufuria ya mboga, imebaki kidogo. Nikachambua kwa kijiko. Majani mapana. Ya manyoya.

Alichuma chini ya ukuta akidhani ni mboga ya mchunga. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, na mboga yenyewe ni adimu. Uchungu haukumshtua. Mchunga si mchungu?

Rukia hakula. Alhamdulillahi.

Lori la mbao limetubeba hadi hospitali, Korogwe. Nimemshika kichwa njia nzima. Naandika hapa kwenye benchi.

Jumanne, 16 Julai

Daktari anasema moyo unapiga polepole mno. Akauliza amekula nini. Nilikuwa nimefunga jani kwenye pindo la kanga. Akalisugua, akaligeuza.

“Maua yake ni kama kengele?”

“Nina mengine yenye kengele. Haya hayajatoa.”

“Haya hutoa mwaka wa pili. Dawa moja ya moyo tunayowapa wagonjwa hapa asili yake ni jani hili. Kidogo mno hutibu. Sufuria, mama, huua.”

Akanitajia na jina. Wiki nzima nimelitafuta jina hilo. Sasa sina hata hamu ya kuliandika.

Jumatano, 17 Julai

Wifi Amina amefika kutoka Handeni. Nilikuwa nimechemsha uji kwa mama, nimeuleta wodini. Wifi akalichukua bakuli, akaliweka chini ya kitanda.

“Mama hatakula tena kitu cha mkono wako.”

Mbele ya wodi nzima. Wanawake wakageuka kunitazama. Mama mkwe alikuwa amelala, hakuna wa kunisemea. Nikatoka nikasimama bombani. Nina hasira. Nina hofu zaidi. Akifa, mimi ni muuaji pale kijijini mpaka na mimi nizikwe.

Ijumaa, 19 Julai

Daktari anasema mapigo yanapanda. Amefungua macho, ameomba maji. Wifi ndiye aliyempa. Sikumuuliza mama nani alichuma ile mboga. Nitamwambiaje mgonjwa anitetee?

Nimepanda basi kurudi kumtazama Rukia, nilimwacha kwa jirani. Nimefika uani. Tuta tupu.

Baba Rukia amerudi kutoka bondeni, amesikia habari, ameng’oa yote. Penstemoni na yale mengine, rundo moja njiani, penstemoni nyingine na vitumba vyake. Mwenyewe amekaa kwenye ngazi, panga miguuni, macho mekundu.

Nilitaka kumpiga. Nilifikiri hivyo hasa, kwa maneno hayo. Nikampigia kelele badala yake.

“Ningejuaje lipi ni lipi?” akasema. “Ni mama yangu yule.”

Nikakaa chini penye rundo nikaanza kuchambua. Manyoya huku, laini huku. Baada ya muda akaja akakaa upande wa pili. “Nionyeshe.” Nikamwonyesha. Tukachambua pamoja. Ya manyoya ameyatupa kwenye shimo la choo cha zamani, akafukia. Penstemoni nimezikata vipande vifupi, nimevichomeka kivulini nyuma ya nyumba. Vingine vitaoza.

Jumapili, 21 Julai

Tumepanda mihogo mbele, tuta lote. Mvua hamna, lakini tumepanda. Balozi kapita, katoa pole ya mgonjwa. Maua hakuyataja. Ningependa angeyataja, nipate mtu wa kugombana naye.

Alhamisi, 25 Julai

Hospitali tena. Wifi amekaa kitandani pembeni ya mama, hanitazami. Nimefua nguo za mgonjwa, nimeondoka.

Jumamosi, 3 Agosti

Mama mkwe yuko nyumbani tangu juzi. Amekonda. Njano imekwisha, anasema, sasa ni ukungu wake wa siku zote.

Asubuhi wifi alikuwa anafunga mzigo wa kurudi Handeni. Mama akamwita, akamwambia kwa Kishambaa, nami nimesimama mlangoni, kwamba alichuma mwenyewe, akapika mwenyewe, hakupewa na mtu. Wifi akachukua mzigo, akatoka. Alipofika njiani akageuka. “Baki salama, wifi.” Nimeipokea kwaheri hiyo.

Alasiri mama akataka kukaa nje. Nikamkalisha nyuma, kwenye kivuli. Akagusa vile vipande nilivyochomeka.

“Na hiki ndicho kile?”

“Sicho, mama.” Nikamshika kidole, nikakipitisha juu ya jani. “Hiki laini. Na yanakaa mawili mawili, sikia. Kile kina manyoya.”

Akapapasa kwa muda mrefu, jani hadi jani. Vichache tu vimeshika.

“Ukipande mbali na jiko,” akasema.

“Nitakipanda mbali.”

Kisha akasema ana njaa. Nikamuuliza nimwite jirani ampikie. Akanitazama kama mtu niliyemwambia upuuzi.

Nimepika uji wa ulezi. Ameumaliza. Bakuli nimeliosha, nimelifunika.