Trufena na Trufosa wa Ziwani

Fena,

Nimeanza barua hii mara kadhaa na kila nikianza nainuka. Nimeenda kuangalia maharagwe ambayo hata hayakuwa yameshika sufuria. Nimefagia mahali palipofagiwa asubuhi. Nimetoka mpaka barabarani, nikasimama kama mtu anayengoja mgeni, nikarudi. Tangu tukuzike siwezi kukaa kwenye kiti. Binti yako Mideva ananiambia, "Mama Fosa, kaa basi, unanipa kizunguzungu." Nakaa. Halafu najikuta nimesimama tena, mwiko mkononi.

Saa hizi watu wa chai wameondoka na watu wa mchana hawajafika, ndiyo nimepata nafasi. Ile meza uliyokuwa unasukumia chapati nimeisogeza karibu na mlango. Siipendi hapo. Lakini nilipoiacha mahali pake niliichukia zaidi.

Wateja ambao hawakusikia bado wanauliza. "Leo pacha hayuko?" Mwanzoni nilikuwa nawaeleza yote, presha, hospitali, safari ya Vihiga, na chakula chao kinapoa wakinisikiliza. Siku hizi wengine nawaambia umeenda nyumbani. Si uongo.

Unajua mimi sijawahi kukuuliza vizuri kwa nini ulisema vile siku ile kwenye geti la kiwanda. Nilidhani najua. Tulikuwa tunasimama pale alfajiri, wewe na mimi na wanawake wote wa Mukuru kwa Reuben waliotaka kibarua, na hatukuwa hata tunajuana. Msimamizi alikuwa anauliza jina, anakutazama mikono, anasema ingia ama rudi kesho. Mimi nilikuwa nimeambiwa rudi kesho mpaka nimezoea. Wewe ulikuwa mbele yangu. Ukasema, "Trufena," ukaambiwa ingia. Nikasema, "Trufosa." Yule mtu akakutazama, akanitazama.

"Nyinyi ni mapacha?"

Kabla sijafungua mdomo ulishageuka. "Huyu ni mdogo wangu, bosi. Tumetoka tumbo moja."

Akacheka, akanipungia mkono niingie. Kule ndani, kwenye joto la zile mashine za plastiki, nikakuuliza wewe ni nani. Ukanijibu, "Si umesikia? Mimi ni mkubwa wako." Na mimi ndiye niliyekutangulia kuzaliwa.

Mapacha gani hao, Fena. Wewe mrefu kama mlingoti, mimi mfupi na upana wangu. Wewe Mmaragoli, mimi Mgusii wa Nyamira. Hata salamu za nyumbani hatukuelewana. Mtu angetazama vitambulisho angeona Kageha hapa na Kemunto pale. Lakini nani anatazama vitambulisho vya wanawake wanaopika chapati? Tulipoacha kiwanda tukahamia Ziwani kufungua hoteli yetu ndogo, ulikuwa na jibu tayari: "Huyu alilelewa na shangazi kule Kisii." Ulilisema kwa uso mkavu hivi kwamba siku moja hata mimi nilimkumbuka huyo shangazi.

Mama Njoki jirani akaeneza, na baada ya hapo haikuwa kazi yetu tena. Mtu akitaka chakula anaambiwa enda kwa Mapacha. Mideva akazaliwa, akakuita Mama, akaniita Mama Fosa, na hakuna aliyeshangaa.

Na hayo majina yenyewe yalivyotusumbua. Kitambulisho chako kilisema Tryphena, kwa ile tahajia ya Wazungu. Kanisani ulikuwa Trifena. Nyumbani kwenu Turufena. Langu liliandikwa Truphosa, likaandikwa Trifosa, na yule karani wa zahanati aliona ni kazi nyingi akaandika Teresa, nikatibiwa nikiwa Teresa. Ulikuwa unasema wenzetu akina Meri wanafika dirishani wanahudumiwa, sisi tunafika tunaanza kufundisha herufi.

Unakumbuka Jumapili ile mchungaji alipotueleza? Alisema ni majina ya Kigiriki, majina ya wanawake wawili wa Roma ambao Paulo aliwatumia salamu, na maana yake ni mtu laini, mtu wa kudekezwa. Uliinama ukacheka ndani ya leso mpaka benchi likatikisika. Vidole vyako vilikuwa bado na alama za plastiki ya moto. Vyangu vilikuwa vinabanduka ngozi kwa sabuni ya kuoshea sufuria. Baada ya ibada ukamfuata.

"Mchungaji, hao wawili walikuwa ndugu?"

"Biblia haisemi," akakujibu. "Watu wengi wanadhani ni ndugu, wengine wanasema mapacha, kwa sababu majina yanaendana na wametajwa pamoja. Lakini Paulo hakusema hivyo. Amewasalimu tu kwa kuwa wanafanya kazi."

Tulipofika karibu na nyumba ukasema, "Hata wao walimdanganya msimamizi."

Sasa nikuambie ya baada yako, kwa sababu uliondoka katikati ya mambo.

Ile asubuhi ulisema kichwa kinauma, ukakaa kwenye kreti, ukaniomba maji. Glasi ikakuponyoka. Hospitalini hukuzungumza tena; ulikuwa unanishika mkono tu, halafu ukaacha kunishika. Watu wa Ziwani wakakusanyika mbele ya nyumba kila jioni kupanga safari yako ya mwisho. Kila aliyefika alinipa pole ya pacha. Mama Njoki alinifunga leso kiunoni kwa mikono yake mwenyewe, akasema aliyefiwa na pacha asikae na tumbo wazi. Nikakubali leso. Ningesema nini?

Siku ya tatu au ya nne akaja kaka yako Elkana kutoka Vihiga. Nilimjua mara moja, ana paji lako la uso. Mwenyekiti wa mkutano akasimama akamkaribisha, akasema familia sasa imetimia, kaka wa marehemu na pacha wa marehemu.

"Pacha gani?" Elkana akauliza.

Wote wakanitazama.

"Mama yangu alizaa mapacha lini?"

Hakupaza sauti. Angepaza sauti ingekuwa afadhali. Mama Njoki akanigeukia na kusema polepole, "Fosa, kumbe mmekuwa mkitucheza?" Nikasimama, nikakaa, nikasimama. Nikawaambia sisi si ndugu, kwamba tulikutana kazini na tukaitana hivyo. Kulikuwa na watu waliocheka kidogo, vile watu hucheka matangani wakikosa la kufanya. Mama Njoki hakucheka. Jioni ile alienda kwake bila kuniaga. Kesho yake alileta sukari na majani chai kama kawaida, akaviweka mezani, akasema, "Bado nina hasira." Nami nikamwambia sawa.

Kwenu Vihiga nilipelekwa nikakaa na wageni wa Nairobi. Jina langu halikuwa kwenye majina ya familia yaliyosomwa. Mchungaji wa huko alipowaita ndugu waje waseme neno, miguu yangu iliinuka yenyewe, na Mama Njoki akanivuta sketi nikakaa. Nilikuona ukishushwa nikiwa nimesimama kwenye migomba, nyuma ya watu warefu. Mideva alikuwa mbele pamoja na mama yako. Aligeuka akanitafuta kwa macho. Nikainua mkono ajue nilipo.

Kisha ikaja habari ya Mideva.

Wageni wengi walipoondoka tukaitwa ndani. Elkana akasema mtoto atabaki, atatafutiwa shule ya hapo karibu, nyumba ni ya kwao na shamba lipo. Alisema kwa upole. Mideva akatikisa kichwa.

"Mimi siwezi kubaki ushago, Uncle. Nina mitihani. Nyumbani ni Ziwani, kwa Mama Fosa."

"Mama Fosa," Elkana akarudia. Akanigeukia. "Dada yangu amekaa Nairobi miaka hii yote na mimi sikujua hata anaishi na nani. Naenda kumchukua maiti, naambiwa ana pacha. Ungekuwa ni wewe, ungesemaje? Niambie nikuite nani."

Fena, wewe ndiye ulikuwa wa kujibu maswali kama hayo. Nilikutafuta pembeni yangu, kweli, nikageuza kichwa. Nikasema nilichokuwa nacho.

"Mimi si ndugu yake. Sina la kukuonyesha. Lakini huyu mtoto nimemlea pamoja naye tangu hana meno, na sijui nitaingiaje katika ile nyumba bila yeye."

Hapo ndipo mama yako akaongea. Siku zote hizo hakuwa ameniambia neno ila kunituma maji na kuniuliza kama kuni zimeingizwa. Nilidhani hanipendi. Akasema, "Wewe ndiye Trufosa wa kwenye simu?"

Nikasema ndiyo.

"Kila akinipigia ananiambia, mimi na Trufosa hatujambo. Mimi nikadhani ni jina la kanisa lenu."

Mideva akacheka, akaziba mdomo. Mama yako akaniuliza nilipewa jina la nani. Nikamwambia si la mtu. Baba yangu alilisikia likisomwa kanisani akalipenda, basi. Kisha akatueleza kitu ambacho naona hata Elkana hakuwa amekisikia chote.

Alisema jina lako lilikuwa la nyanya yako, mama yake baba yako. Huyo nyanya akiwa msichana alibatizwa siku moja na rafiki yake. Katika darasa lao la ubatizo akina Mariamu walikuwa wameshazidi, akina Marita wameshazidi, basi wale wasichana wawili wakachagua majina yanayokaa pamoja ili wasitenganishwe. Mmoja Trufena, mmoja Trufosa. Rafiki akaolewa mbali, akafa kwenye uzazi wake wa kwanza pamoja na mtoto. Hakuna aliyepewa jina lake, kwa sababu hakuacha mtu wa kulitoa.

"Mama mkwe wangu hakumsahau," mama yako akasema. "Huyu wetu akiwa mdogo, kila akiingia kwa nyanya yake anaulizwa, 'Trufena, mwenzako yuko wapi?' Mtoto anatoka nje kutafuta. Anarudi anasema, 'Sijamwona.' Yakawa ndiyo mazungumzo yao mpaka nyanya huyo alipofariki."

Mimi nilitoka nje. Nilizunguka ile nyumba, nikazunguka tena, kuku wakinikimbia, na nilikuwa na hasira na wewe kama sijawahi kuwa nayo. Miaka yote, Fena. Tumekanda unga kwenye beseni moja. Umeniambia habari za baba wa Mideva, za jino lako la dhahabu lililokuwa si dhahabu, za ndoto zako zote za kipuuzi. Hili hukuniambia. Mimi nilidhani ulinionea huruma pale getini. Ama ulipenda tu kudanganya, na ulipenda. Kumbe ulisikia jina langu ukageuka.

Ama labda ulikuwa umesahau. Labda mdomo ulisema wenyewe. Nikikaa nafikiria hivyo, na nikisimama nafikiria vile, na wewe hutanijibu.

Niliporudi ndani Elkana alikuwa ameshusha mabega. Hakunikumbatia wala hakuniita dada, usidhani. Alisema Mideva atamaliza shule Nairobi kama anavyotaka, atakuja nyumbani kila likizo ya Desemba, na nisipochukua simu yake atakuja mwenyewe kumchukua. Nikamwambia nitachukua. Akaniuliza namba. Akaniuliza aandike nani. Nikamtajia jina na yeye akaandika, na alikosea, akaweka herufi anazotaka yeye. Sikumrekebisha.

Kwa hiyo tumerudi, mimi na binti yako. Analala upande wako wa kitanda na anarusha mateke. Amejaribu kusukuma chapati. Zinatoka na pembe kama ramani, na wateja wanazila wakimsifu kwa huruma. Mama Njoki amepoa. Juzi nilimsikia akimweleza mtu mgeni, "Hao si mapacha wa kuzaliwa, lakini hayo hayakuhusu." Kile kibao cha 'Kwa Mapacha' hatukukiondoa. Mideva alitaka kukipaka rangi upya na nikamwacha.

Jana simu ya Mideva ililia na alikuwa mama yako, kwa simu ya jirani. Amezoea kupigiwa, hajazoea kupiga, alikuwa anapiga kelele kana kwamba anaita mtu ng'ambo ya mto. Waliongea kwa lugha yenu na mimi nikaendelea kuchambua mchele. Halafu Mideva akaninyooshea simu. "Guku anasema nipe Trufosa."

Nilijifuta mikono. Nilidhani kuna tatizo. Mama yako akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akasema, "Kula," akakata.

Nikakaa chini, Fena, nikala.

Sasa naona watu wa mchana wanaanza kuja, yule fundi wa baiskeli yuko mbele kama kawaida yake. Kwaheri, mtu wangu. Bado nina hasira nawe kidogo na nitakuja nayo. Mideva atamaliza shule, hilo liweke mbali na mawazo yako. Desemba nitamleta, na safari hii sitasimama kwenye migomba. Nitakuja mpaka kaburini kwako, na mama yako akitaka nitamketisha hapo karibu, anisimulie zaidi juu ya yule msichana mwingine.

Mimi,
Fosa