Kozi wa Dirishani kwa Bi Shehnaz

Kamachumu,
14 Julai 2024

Kwa wifi yangu Tusajigwe,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi na ukungu. Mimi ni mzima. Mama nyonga bado inamsumbua, ila jana alikaa kitandani mwenyewe akala ndizi hadi akaomba nyingine. Gaspar hajambo? Na cherehani yako imepona?

Ahsante kwa kukubali kunishikia daftari la ndege wakati huku namuuguza mama, ingawa najua kaka yangu alikukazia macho. Sasa sikiliza vizuri.

Wale ndege si mwewe. Ni kozi. Ukiandika mwewe kwenye daftari langu nitapanda basi la siku hiyo hiyo. Hawajengi kiota. Jike hukwangua changarawe kwenye ukingo wa ukuta, nje ya dirisha la jiko la Bi Shehnaz, ghorofa ya kumi, akataga hapo. Bi Shehnaz ni mke wa mzee Husseinali mwenye jengo, bosi wangu. Nenda Kinondoni kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi. Piga hodi, vua viatu, pita moja kwa moja jikoni, simama kando ya friji. Usikae. Mimi miaka sita sijakaa.

Andika saa, hali ya hewa, nani yupo kati ya dume na jike, na wamekula nini. Unavyojisikia usiandike. Bwana Kasiani wa chama cha watazama ndege atakuja kuchukua nakala. Mwambie daftari ni la Kokuberwa.

Mambo ya kozi tuyaandike kwa barua. Simu yako Gaspar huikamata akaanza kuhubiri. Kifurushi mpe kondakta wa basi la Bukoba, Jonas wa stendi atanifikishia.

Wifi yako,
Kokuberwa


Kimara,
29 Julai 2024

Wifi shikamoo,

Mie mzima kabisa, na Gaspar mzima, kikohozi chake kimekata. Vipi mama mkwe? Mwambie nimemshonea gauni la kitenge, pana kiunoni lisimbane kwenye maumivu. Limo humu kwenye kifurushi.

Wifi, nikuambie ukweli, siku ya kwanza niliogopa. Lile jike liligeuza shingo likaniangalia kama linanidai. Nikarudi nyuma nikagonga sufuria ya Bi Shehnaz, dengu zote chini. Mie nikasema leo nafukuzwa. Mama wa watu akacheka mpaka akashika meza. Akanivutia stuli, akasema, "Kaa mama, miguu ni yako mwenyewe." Basi nimekaa.

Alhamisi nimeona anataga! Saa mbili na robo asubuhi. Alisimama kajikunja, manyoya yamemsimama, halafu akasogea, yai hilo, jekundu kama udongo wa kwetu Tukuyu. Leo yamefika matatu. Bi Shehnaz anasema wewe hujawahi kuona akitaga, ulikuwaga unakuta tayari. Kweli?

Ishu moja. Uliandika kwenye daftari jike ana baka jeusi linaloshuka shavuni. Nimemchora kwa chaki ya fundi kwenye karatasi ya kukatia nguo, maana kuandika napata tabu. Huyu baka lake la kushoto limegawanyika chini, kama mpasuo wa sketi. Ni yule yule wa siku zote?

Wifi yako,
Tusa


Kamachumu,
9 Agosti 2024

Wifi Tusajigwe,

Marahaba. Sie huku tunashukuru Mungu. Mama amesimama kwa kushikilia kiti.

Gauni limefika. Amelivaa siku nne mfululizo, ikabidi nilifue usiku likauke mbele ya moto ili asubuhi alipate. La kwangu nililomnunulia Bukoba liko sandukuni na karatasi yake. Wageni wakija anawaonyesha mishono. Wanauliza, "Kakushonea binti yako huyu?" Anasema, "Huyu ananikanda mguu tu. Kanishonea mke wa Gaspar."

Kuhusu jike: ni yule yule. Namjua miaka sita, namjua kuliko ninavyowajua ndugu zangu wengine. Mwanga wa asubuhi kwenye kile kioo unadanganya, na wewe ni mgeni. Usimpelekee Bwana Kasiani michoro. Chama kinataka tarehe na idadi, hakitaki mitindo ya nguo.

Ni kweli, sikuwahi kumwona akitaga. Nilikuwa kazini, karani wa jengo zima. Sikuwa na nafasi ya kukaa.

Ile stuli ni ya kupandia kabatini. Irudishe mahali pake.

Wifi yako,
Kokuberwa


Kimara,
2 Septemba 2024

Wifi shikamoo sana,

Natumaini barua hii inakukuta salama, na mama anatembea. Sie tuko poa. Gaspar anawasalimu.

Yameanguliwa! Yote matatu! La mwisho limepasuka jana, kaniambia Bi Shehnaz. Makinda meupe kama pamba ya mto, vichwa vizito, yanaanguka yakijaribu kuinuka. Dume linaleta njiwa limeshawanyonyoa, jike linakata vipande vidogo vidogo, kamoja kamoja, hakuna anayepunjwa. Leo kunguru kaja kuchungulia. Wifi, dume lilishuka toka juu sikuliona, nimesikia upepo tu, halafu manyoya meusi yanaelea. Mie na Bi Shehnaz tulipiga vigelegele jikoni.

Sasa usinikasirikie. Bwana Kasiani alikuta ule mchoro mezani, mie sikumpa. Akatoa picha ya mwaka jana kwenye simu, akalinganisha. Anasema jike ni mwingine. Yule wako hayupo, huyu ni mpya. Anasema watu huandika madaftari miaka mingi na wasione hilo. Anataka kuuweka mchoro kwenye ripoti na jina langu. Nikamwambia, "Yote kanifundisha wifi yangu." Akasema atakuandika pia. Kaniachia darubini, na ameniomba mwakani niangalie na jengo moja huko Temeke.

Halafu Alhamisi Bi Shehnaz kanizuia nisiondoke. Wanawe walikuja, Muntazir na Ummehani, tukala biriani mezani wote. Kanipa na ufunguo wa mlango wa jikoni.

Nasikitika kuhusu jike lako. Najua ulilipenda.

Niambie, kuna kitu chochote cha kuangalia kabla hawajaruka? Wewe ndiye unayejua.

Wako,
Wifi Tusa


Kamachumu,
10 Septemba 2024

Wifi,

Marahaba. Hatujambo. Mama anakusalimu, kila siku anakutaja.

Hongera kwa mchoro. Hongera na kwa ufunguo.

Umeuliza kama kuna kitu cha kuangalia. Hakuna. Endelea hivyo hivyo.

Wifi yako,
Kokuberwa


Kimara,
25 Septemba 2024

Wifi shikamoo,

Najua inatakiwa niulize hali kwanza. Hamjambo? Mama hajambo? Mie sijambo, mkono tu umefungwa bandeji. Nisamehe mwandiko.

Juzi Jumatatu, saa tatu, niko kwenye stuli. Makinda yana siku ishirini na tatu, manyoya ya kweli yameanza kutokeza mabawani, yanakimbiakimbia ukingoni kama watoto wa chekechea. Mara nikaona buti. Buti mbili juu ya dirisha, kisha miguu, kisha mtu mzima kwenye kamba na ndoo. Fundi wa kuosha vioo.

Nikafungua dirisha nikapiga kelele, "Rudi juu! Kaka, rudi juu!" Kaondoa kitu masikioni, "Unasemaje, sista?" Hapo hapo jike likampiga kichwani. Helmeti ikalia ko! Akayumba, ndoo ikamwagika ukingoni kote, maji na sabuni. Makinda mawili yalikimbilia kona ya ndani. La tatu, lile dogo, likarudi kinyumenyume, linamtazama yule kaka, linafungua mdomo. Nikatoa mkono wote, kioo kikanichana hapa juu ya kiwiko. Bi Shehnaz alinishika kiuno, analia, "Utaanguka mama, utaanguka!" Wifi, nililigusa. Nimeligusa manyoya. Kisha halikuwepo.

Nimelikuta kwenye bati la maegesho. Lilikuwa bado la moto.

Yule fundi, Eliaichi jina lake, alishuka akakaa chini, mtu mzima analia. Hakuwa ameambiwa kuna ndege. Mzee Husseinali akaita watu wote ofisini. "Nani karuhusu?" Brightson, yule kijana aliyekaa kiti chako, akasema, "Mzee, nilimpigia Dada Kokuberwa kabla. Alisema waje."

Wifi, nilimvaa. Nilimwita mwongo mbele ya watu wote. Nikasema wifi yangu aliyekuwa anawazuia mafundi kila mwaka, eti leo awaite? Nikasema anajificha nyuma ya mtu anayeuguza mama yake. Mzee kamsimamisha kazi.

Ila jana usiku sikulala. Kila mwaka unawazuia, hilo nimelijua juzi kwa mlinzi. Mbona mie hukuniambia? Ulisahau, sio? Na mama anaumwa, mtu anasahau. Niandikie tu kwamba ulisahau, nimwonyeshe mzee, yaishe.

Makinda mawili yapo. Jike lilirudi jioni.

Wifi yako,
Tusa


Kamachumu,
6 Oktoba 2024

Kwa wifi yangu Tusajigwe,

Nakusalimu, na nauliza mkono wako, kwa moyo wote ingawa huna sababu ya kuniamini. Mama mzima. Anatembea hadi mlangoni.

Sikusahau.

Tarehe kumi na saba Brightson alinipigia. Nilikuwa namkanda mama mguu. Akasema, "Dada, mafundi wa vioo wanauliza, huwa unawaambia waje lini?" Jibu ninalo, halijawahi kubadilika: baada ya Oktoba ishirini. Nikamwambia, "Waje tu." Akauliza, "Na wale ndege?" Nikasema, "Wamezoea watu." Nikakata simu, nikaendelea kumkanda mama. Nilikuwa na siku sita za kulirudisha lile neno, na simu ilikuwa na chaji siku zote sita.

Sikutaka kinda afe, wifi. Nilitaka barua moja tu inayosema umeshindwa. Uandike, "Wifi rudi, mie siwezi."

Ulifikiri nitachukia kwa ajili ya mchoro. Mchoro uliniuma, sikatai. Kuambiwa na mtu wa miezi miwili kwamba jike langu halipo, na mtu huyo awe amesema kweli, kuliniuma zaidi. Lakini kilichonimaliza ni biriani. Nimesimama kando ya ile friji miaka sita. Nilimwandikia Bi Shehnaz barua zake, nilimpokelea mitungi ya gesi, nilimzika dada yake. Hakuwahi kuniambia kaa. Huenda angeniambia kama ningemwaga dengu. Mimi sikuwahi kumwaga kitu kwa mtu.

Na huku namlisha mama kwa mkono wangu, naye anatafuna akikutaja wewe. Kila unapogusa wanakupenda, na wala hujitahidi. Niliona wivu, wifi. Neno lenyewe ndilo hilo, sina jingine la kulipamba. Nilikuonea wivu siku ile Gaspar alipokuleta nyumbani ukacheka na mama kabla hata hujavua viatu.

Nimempigia mzee Husseinali nikamwambia yote. Brightson amerudishwa kazini. Kiti changu, mzee amesema nisikirudie. Nimempigia na Brightson, akasema, "Nimekusikia," akakata. Gaspar sijamwambia, nimeshindwa. Ukimwambia wewe, nitakuwa nimestahili.

Uliponiandikia kwamba ulinitetea, nilikwenda nyuma kwenye migomba nikakaa chini mpaka mama akaanza kuniita.

Siombi usamehe haraka. Naomba neno moja tu. Kwa hesabu yangu wale wawili wataruka kati ya tarehe kumi na kumi na tano mwezi huu. Niandikie kama waliruka.

Wifi yako,
Kokuberwa


Kamachumu,
3 Novemba 2024

Wifi,

Hamjambo? Huku mvua imeshika. Sijui kama barua ya Oktoba ilifika. Jonas anasema aliitia kwenye basi mwenyewe.

Kama ilifika, niandikie lile neno moja. Waliruka?

Wifi yako


Kimara,
24 Novemba 2024

Dada Kokuberwa,

Shikamoo.

Sisi hatujambo. Gaspar ni mzima. Mvua hapa zimechelewa, juzi imenyesha kidogo, barabara ya kwetu ikawa tope. Mkono umepona, naweza kukata vitambaa. Nimepata kazi ya mapazia ya shule moja huko Segerea, itanichukua mpaka Krismasi.

Humu kwenye kifurushi kuna dawa ya kuchua ya mama, kopo mbili. Anayemchua asiipake kwenye ngozi iliyochubuka. Mwambie mama nitakuja kumwona mwaka mpya na Gaspar, Mungu akipenda.

Barua zako zote mbili zilifika.

Gaspar sijamwambia na sitamwambia. Wewe ni dada yake, na mama yenu ni mmoja. Brightson nilimwomba radhi ofisini, mbele ya wale wale walionisikia nikimtukana. Alinipa mkono.

Kuhusu wale wawili, Bwana Kasiani ana simu, na namba yake unayo. Muulize yeye.

Msalimie mama.

Ni mimi,
Mke wa Gaspar