Friji la Taazia

Jumatatu, 3 Machi

Redio asubuhi: waziri amekata utepe kufungua choo cha stendi. Hotuba ndefu, na watu wamebana, wanasubiri amalize. Nimecheka peke yangu mpaka chai ikapoa. Safu ya wiki hii imeshapatikana, bila jasho!

Kisha simu ya mhariri wa gazeti la Jumapili, yule wa suspenda, mikanda ya suruali ya mabegani. Wembe amelazwa. Moyo. Atapasuliwa Alhamisi. Mzee, tuandikie taazia yake, tuiweke kwenye friji.

Friji ni faili la kompyuta pale gazetini. Humo tunahifadhi taazia za wakubwa wangali hai, ili siku ikifika tusihangaike. Ndiyo kazi yetu. Nimekubali, kisha nikajiona mchawi.

Jumanne, 4 Machi

Wembe ndiye mhariri wangu wa kwanza. Mama huyu jina tulimpa sisi, kwa jinsi alivyokata. Makala yangu ya kwanza alifuta aya nzima ya juu. Unakohoa kwanza ndipo useme, akaniambia, na hakuna anayenunua gazeti asikie kikohozi.

Leo nimeandika asubuhi nzima bila kukohoa. Kwamba bila yeye ningekuwa mpaka leo nasahihisha matangazo ya viwanja. Kwamba hata baada ya yeye kustaafu, kila sentensi naiandika nikimwogopa, na ndiyo maana chache zimefaa. Kwamba nampenda. Nimelia, sioni aibu.

Mke wangu kasoma juu ya bega langu. Haya umeshawahi kumwambia mwenyewe? Nikasema sisi si watu wa maneno hayo. "Waandishi," akasema, akaenda zake kuanua nguo.

Alhamisi, 6 Machi

Ametoka salama! Bintiye kapiga simu: ameamka, ameomba chai, kisha kaligombeza bango la ukutani kwa uandishi mbovu. Mungu si Athumani. Nimetembea hadi sokoni na kurudi bila kununua kitu, nasalimia kila mtu. Hata ile riwaya ninayoihakiki, ambayo shujaa hatoki kitandani hadi sura ya nne, leo naiona nzuri tu. Mwache alale, masikini.

Jumapili, 9 Machi

Wamemzika.

Ukurasa wa tisa, picha kubwa, jina langu chini. Tangazo la magodoro liliondolewa dakika za mwisho. Msanifu kurasa akabaki na shimo, akafungua friji kutafuta kitakachoenea. Taazia yangu ikaenea bila kukatwa hata neno. Hakuuliza kama kuna mtu amekufa. Usiku wa kuchapa, kwetu huulizwa jambo moja tu: inaenea?

Simu zilianza kabla sijanawa uso. Pole, pole sana. Muuza nyama kanipa pole na mfupa wa supu. Majirani wa Wembe wamefika kwa bintiye na masufuria, wakaambiwa warudi nayo. Nimempigia huyo binti kuomba radhi. Kaka, usije leo, kasema. Gazeti mama analo. Anaisoma taazia mara ya pili sasa.

Maji yameshamwagika. Nilimwombea apone. Sasa naogopa kwamba amepona, na hatataka kuniona.

Jumatatu, 10 Machi

Gazeti limesahihisha: mistari miwili chini ya tangazo la matairi. Marehemu yu hai, na gazeti linasikitika. Linasikitika! Mwenye suspenda anataka nigeuze jambo hili safu ya kuchekesha. Nimemkatia simu.

Wembe kimya. Mke wangu anasema nishukuru, wangapi husifiwa wangali na macho ya kusomea? Nashukuru, kweli nashukuru. Lakini niliyaandika nikijua hatayasoma, ndipo nikathubutu. Akiwa amechukia, nimempoteza mtu akiwa hai, na hilo hakuna wa kunipa pole.

Jumatano, 12 Machi

Ameniita. Naandika haya kwenye benchi, nje ya wodi.

Nilimkuta ameketi, amekonda, gazeti limechungulia chini ya mto. Shikamoo. Marahaba, kavu. Nikaanza kuomba radhi, akanyanyua kiganja.

"Umenisema ukurasa mzima, na mimi sikupewa nafasi ya kujibu. Haki iko wapi? Keti hapo."

Akavuta droo, akatoa karatasi.

"Hii ni yako. Nimeiandika tangu Jumapili, na mkono wenyewe huu, unauona. Sitaki ikae kwenye friji."

Akavaa miwani, akasoma: "Siku ya kwanza alikuja kazini na viatu visivyofanana, kimoja cheusi, kimoja cha kahawia. Nikampa meza ya pembeni, ile yenye ubao mbele, watu wasimwone miguu."

Miaka yote nilidhani meza ile ilikuwa adhabu. Na viatu — nilidhani hakuna aliyeona.

Nikasema naenda kutafuta maji ya kunywa, nikatoka. Jagi lilikuwa mezani kwake, limejaa. Aliliona, nami nililiona.

Muuguzi kaja sasa hivi, anajizuia kucheka. Mama anasema rudi ndani, hujafa bado, na kurasa zimebaki tatu.