Mwanakondoo Tuliyemfumua

Mpendwa wifi,

Shikamoo. Ndugu mmoja wa usharika wetu anaanza safari kesho kwenda Upare, na amekubali kuitafutia barua hii njia ya kukufikia huko shemeji alikopelekwa kufundisha. Tangu vita vianze hatujapata neno lolote kutoka kwenu. Kama itapotea, basi ipotee. Mimi nitakuwa nimesema.

Nimekukumbuka sana siku hizi kwa sababu ya ile baraza yako. Nilipoletwa Nkoaranga kuolewa na kaka yako, Kimeru chenu kilikuwa kinanipita masikioni kama maji, na Kimaasai cha kwetu, upande ule mwingine wa mlima, hukukijua. Tukashikamana na Kiswahili cha misheni, cha kuokoteza. Ulinicheka, nikakucheka, tukazoeana.

Kisha mtoto wangu akafa. Hakumaliza hata miezi miwili. Watu walikuja, wakalia nami, wakarudi mashambani kwao, nami nikabaki nimekaa. Wewe ndiye uliyenivuta mkono. "Wifi, njoo ukae na sisi barazani. Usipotaka kufuma, tuchambulie maharage."

Bibi wa mchungaji alikuwa amekufundisha kufuma wanyama wadogo kwa uzi na sindano ya kulabu, na aliporudi kwao Ulaya kwa ugonjwa alikuachia karatasi moja yenye maelezo ya kumfuma mwanakondoo. Ilikuwa ya Kijerumani, nawe ulichosoma pale ni tarakimu tu. Mengine uliyashika kwa kichwa. Wanawake waliiogopa karatasi ile. Rebeka mwenzetu aliwahi kwenda nayo kwake siku nne, akarudi na kitu kilichojikunja kama sikio la nguruwe, machozi yakimlengalenga.

Hapo ndipo ulipoleta ungo. Ulipanga juu yake maharage na punje za mahindi, mstari kwa mstari. "Harage ni kitanzi kimoja juu ya kimoja," ulisema. "Hindi ni pale unapoingiza sindano mara mbili tundu lilelile. Mnaanza na vitanzi sita. Mstari wa pili ni mahindi matupu, vinakuwa kumi na viwili. Wa tatu harage, hindi, harage, hindi. Hesabuni."

Tukahesabu. Kumi na nane. Rebeka alipiga kelele kana kwamba ameona mvua. "Kumbe ni hivi tu!"

Ulitufungia uzi mwekundu penye kitanzi cha kwanza cha kila mzunguko, tusipotee. Ukatuambia kichwa kikitanuka kama sahani mahindi yamezidi, na kikijibana mapema mahindi yamepungua. Sijaona mtu mwingine aliyejua kumtoa mwenzake woga namna ile.

Lakini mimi nilikuwa naumia pale, wifi. Kila mmoja alikuwa akimfumia mtoto wake, au aliye tumboni. Walikuwa wakipimana vile vichwa vidogo kwenye viganja, wakicheka. Siku moja mliposhuka mtoni mkaniacha nifagie, niliichukua ile karatasi, nikaingia jikoni nikaisukuma motoni kati ya mafiga.

Kesho yake uliitafuta kila mahali. Macho yote yalimwendea Rebeka kwa sababu ndiye aliyewahi kuondoka nayo. Akakunja uzi wake, akajifunga kanga, akaondoka bila kuaga.

Sikuweza kula. Kabla jua halijazama nilikufuata kwenye migomba, ukiwa unakata majani ya ng'ombe. Nikakuambia ni mimi.

Uliendelea kukata majani hadi nikatamani unipige. Kisha ukaweka mundu chini. "Najua. Nilikuta pembe yake kwenye majivu. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe." Ukapangusa mikono. "Ungesema tu kwamba huwezi kukaa pale, wifi. Mimi ningejuaje? Nilidhani nakuponya, kumbe nakuchoma."

Tukalia wote wawili, tukiwa tumeshikana katikati ya majani yale.

Halafu ukarudi kuwa wewe. "Kesho utamwomba Rebeka radhi mbele ya wenzako. Ukimaliza, uje kwangu. Tuna kazi."

Nilimwomba radhi. Alinitazama sana, akasema, "Pole kwa mtoto," na kunisogezea kigoda chake. Sitamsahau kwa hilo.

Kazi yenyewe ilikuwa mwanakondoo wa Elisifa, binti yako, kondoo pekee uliyemaliza kumfuma bibi yule angalipo. Ulikata miguu yake, ukatoa manyoya yaliyojazwa tumboni, ukaanza kumfumua kutoka mwishoni. Wewe ulivuta uzi, mimi nikahesabu kila mzunguko na kuupanga kwenye ungo, na jioni ukaandika kwenye daftari. Alasiri tatu. Tulipofika kichwani Elisifa hakuvumilia.

"Mama, anaumia?"

"Haumii. Anatuonyesha alivyotengenezwa."

Ukanipa uzi uleule, umejaa mikunjo, ukaniambia nimrudishe mwenyewe. Nilimrudisha kwa siku kumi na moja. Mguu mmoja ukawa mrefu. Elisifa alimgeuzageuza, akasema, "Anachechemea, lakini ni yeye." Sikuwa nimecheka tangu msiba.

Baada ya miezi michache mkahamishwa, daftari likabaki kwangu.

Sasa nikueleze ya hapa. Kaka yako amechukuliwa kubeba mizigo ya askari, yeye na wanaume wengi wa mtaa. Hatujui wako wapi. Wake zao wanakuja barazani, wengine hawajawahi kushika sindano. Uzi wa Ulaya haupo. Tunafumua fulana kuukuu. Nawafundisha kama ulivyotufundisha, na anayekosea namfumulia mimi mwenyewe, taratibu, aone mahali alipopotea. Juzi Rebeka alimshika mkono mke mmoja kijana aliyetaka kuacha, akamwambia asifikirie kondoo mzima, afikirie mzunguko huu tu. Nikajua hasemi habari za kondoo peke yake.

Wamefuma wengi, wifi. Mimi sijawahi kumfumia mtoto wangu hata mmoja. Nilikuwa nafundisha kwa uzi wa wenzangu.

Kaka yako aliondoka kabla sijajua, na hapa sijamwambia mtu, ingawa nadhani Rebeka ameshaona. Nina mimba ya miezi sita. Nimeogopa kuandaa chochote, hata nepi. Ila leo asubuhi mtoto amecheza kwa nguvu mpaka nikakaa chini, na nilipoinuka nilikwenda kutafuta uzi. Nimeanza. Nimefika kumi na nane.

Niombee nifike mwisho. Msalimie shemeji na Elisifa.

Wifi yako akupendaye,
Naserian