Upande wa Kushoto Unapanda

Kaloleni, Jumatano, Julai 1996

Manyunyu asubuhi, baridi mchana kutwa, na nguo bado zinatona maji kwenye kamba. Sina habari nazo. Leo nimeona ndani ya kifua changu.

Tangu ile homa ya Pasaka pumzi yangu imekuwa fupi. Nikiinama kufunga viatu, natweta. Na Jumapili nina ubeti wa peke yangu mbele ya kanisa, ambao mstari wake wa mwisho nimeuimba kwa pumzi moja miaka yote. Juzi mazoezini ulinikatikia katikati. Wanakwaya wakaangalia sakafu, maana sheria niliitunga mimi mwalimu wao: anayepumua katikati ya mstari anaurudia peke yake.

Niliogopa. Nilidhani ni mapafu.

Hospitalini, kijana wa eksrei, mzaliwa wa Ziwani, alinisimamisha kwenye mashine inayoonyesha viungo vya ndani vikisogea, kama televisheni. Akanigeuzia kioo nami nione. Akanionyesha kiwambo, ule msuli uliotandazwa chini ya mapafu kama kifuniko cha sufuria.

"Mathe, vuta pumzi polepole. Haya, toa."

Ajabu! Nikivuta, kinashuka. Na mimi miaka yote nawafundisha wanakwaya kwamba kinapanda, tena nainua mkono juu kuwaonyesha! Kijana akatia alama kwenye kioo kwa kalamu ya nta, pumzi ikiwa ndani, kisha ikiwa nje, akapima kwa rula. Kulia kilishuka kama upana wa vidole vitatu. Kushoto hakikusogea.

"Sasa vuta na pua, haraka, kama umeskia harufu ya chapo zikipikwa kwa jirani."

Nikavuta. Kulia kikashuka. Kushoto kikapanda.

Nilicheka hadi akaniomba nitulie. Katika mwili huu mzima, sehemu pekee inayofuata mafundisho yangu ndiyo inayougua.

Kwa daktari kicheko kiliisha. Mapafu ni mazima, alisema, ila mshipa wa fahamu unaoamrisha upande wa kushoto umelala, huenda kwa sababu ya homa ile. Unaweza kuamka baada ya miezi mingi. Unaweza usiamke kabisa. Kuimba hajanikataza. Nilimuuliza maswali mpaka akaanza kuutazama mlango: ule upande unapanda kwa nini? Nani anausukuma? Akasema ule mzima ukivuta, uliolegea unafyonzwa juu.

Jioni nimelala chali, kitabu cha nyimbo tumboni, nikitazama kinavyoinuka. Musyoka akaingia kutoka kazini, funguo za lori mkononi.

"Mama Ndanu, unaomba ama umelala?"

"Napima."

Alivua viatu, akalala kando yangu, akaweka kitabu juu ya kitambi chake. Kiliinuka vizuri sana, nami nikaona wivu, wivu wa kweli, kwa mume wangu anayeimba kama mlango usiotiwa mafuta.

Mchana wote nilikuwa nikifikiria kumpa Wanjiru wa kwaya yetu ule ubeti. Sauti anayo, pumzi anayo. Lakini sitaki. Nimeutafuta moyoni huo utayari wa kumwachia, sijauona.

Basi Jumapili nitauimba mwenyewe. Nikifika kwenye mstari wa mwisho nitapumua katikati, kanisa zima lisikie.

Halafu, kwa kuwa sheria ni yangu, nitaurudia peke yangu. Nami nitapumua tena palepale.