Mpira Unaokata Kulia

Jumatatu, 3 Septemba 2012

Matongo. Shamsudin, mnunuzi wa dhahabu wa Tarime, kapiga mipira ishirini. Kumi na saba imekata kulia, ikaingia kwenye minyaa. Nimetumwa kuiokota, kama kawaida.

Kiwanja hiki alikinunua achimbe. Hakupata kitu. Akapanda nyasi, anajifunza gofu ili akae na wakubwa wa Nairobi. Pale kwenye minyaa palikuwa boma langu hadi tulipohamishwa kupisha uchimbaji, 1996. Mokami, mke wangu, amelala pale, chini ya mawe. Nimeng'oa magugu, nikarudi na mipira.

Shamsudin hajui. Akijua, ataniambia nihamishe mifupa, kama walivyoambiwa wengine.

Jumatano, 5 Septemba

Leo nimeshika draiva yake, fimbo ndefu ya pigo la kwanza. Ajabu! Sonara wake amebandika madini ya risasi kwenye ncha ya kichwa — eti kama shoka, uzito uwe mbele. Lakini ncha nzito huchelewa kugeuka. Uso wa fimbo unabaki wazi, mpira unapinda kulia. Uzito unatakiwa kisigino, karibu na mpini. Nililijua hili Kericho, 1961, nikiwa mbeba fimbo.

Nimeirudisha fimbo mahali pake. Mpira ukinyooka, nani atanituma tena kwenye minyaa?

Ijumaa, 7 Septemba

— Shikamoo, mzee Kisyeri — kaanza Shamsudin. Kesho kutwa nacheza Kisumu, watanicheka. Kosa ni la mikono au la fimbo?

Gati, mpishi wake, kadakia: bosi achukue rungu la Kikurya, lile halipindi! Tumecheka. Lakini Shamsudin alikuwa ananitazama usoni.

Nikasema: la fimbo.

Tumebandua risasi kwa kisu, tukaigundisha kisigino. Draiva ina skrubu shingoni. Nikaitumia kufunga uso digrii moja.

Jumamosi, 8 Septemba

Wa kwanza: katikati. Wa pili: katikati! Wa tatu kushoto kidogo. Gati kapiga kigelegele. Shamsudin kanikumbatia — mzee, wewe daktari!

Halafu, akifuta fimbo, kasema upande wa kulia sasa hauna kazi. Amewapa wachimbaji wadogo, wajaribu bahati yao. Nibaki niwaonyeshe mpaka, maana ninapafahamu. Papo hapo kapanda gari, kaelekea Sirari, njia ya Kisumu.

Saa tisa. Wamefika watano, na kamba na sururu. Mkubwa wao, Matiko, ameniamkia vizuri. Anauliza kamba ianzie wapi, na kwa nini babu nimekaa juu ya mawe wakati kivuli kipo.

Nimewaambia wasubiri nimalize kuandika.